Dada wa Kimaasai unayekuja Dar kusoma, anza na jina lako

Mimi natokea Simanjiro, kijiji ambacho basi linapita mara moja kwa siku na mvua ikinyesha halipiti kabisa, so nikisema nilifika Dar mshamba naomba mnielewe. Foleni na joto utazoea tu, sitaongelea hayo. Nataka niongelee jina.

Darasa la kwanza mwalimu alisema Naserian linamsumbua, akaniandika Neema. Mama hasomi, baba hakuambiwa, mimi nikaona poa tu nikabaki Neema mpaka fomu siksi. Sasa cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho maana sisi wengi tumezaliwa bomani, tulipokuja kukifuatilia baba akaandikisha Naserian, jina analolijua yeye, maana yake mtu wa amani (amani yenyewe nilikuwa sina). Bodi ya Mikopo wanataka cheti kilichohakikiwa na RITA (wale wa usajili wa vizazi na vifo), na vyeti vya shule vinasema mtu mwingine! Nikaanza kuzunguka kwa mawakili kula kiapo, wenzangu bumu (hela ya mkopo) limeingia mimi nakula chapati maharage ya kukopa.

Kwa hiyo mdogo wangu, usisubiri umalize shule ndo ufuatilie cheti cha kuzaliwa. Ukiwa fomu faivu tafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya mtendaji wa kijiji, beba vyote, na angalia herufi moja moja.

Halafu ukifika chuo kuna utani. "Mmasai umetuletea dawa?" "Unalinda geti gani?" Mimi nilivua bangili ya shanga aliyonitengenezea mama nikaificha chini ya godoro semista nzima, nyumbani wakipiga simu natoka koridoni ili rumeti asisikie Kimaasai. Nilijichosha bure jamani. Likizo nikamsalimia babu shikamoo nimesimama wima badala ya kuinamisha kichwa aniguse, akaniuliza kama nimekuja na gari la watalii. Walicheka wote, mimi usiku nililia.

Bangili nimeirudisha mkononi. Juzi kwenye daladala alipanda mama mmoja wa Kimaasai na kapu lake la shanga, konda anamfokea nauli na yeye Kiswahili kinampa taabu, nikamweleza kwa Kimaasai, abiria wote wakageuka kuangalia. Nikainamisha kichwa. Akanyoosha mkono akanigusa, humo humo tumebanana tumesimama.