Kwa anayeanza gitaa: roki ngumu isikilize kuanzia nyuma ya jukwaa

Vijana wengi wanaokuja kwetu kujifunza gitaa hufika na solo kichwani. Wameona klipu ya mtu anakimbiza vidole kama amemwagiwa upupu, nao wanataka hivyohivyo kabla hawajaweza kubadilisha kodi mbili (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) bila kusimama. Solo sikukatazi. Ila ukitaka kuelewa kwa nini bendi za roki ngumu za miaka ya 1970 zinaigwa hadi leo, mpiga solo muweke kando kwanza. Sikiliza rithim, besi na dramu. Na usitumie spika ya simu, maana besi yote inapotea.

Anza na AC/DC. Watu humkumbuka Angus Young, yule wa kaptula na sare ya shule. Kaka yake, Malcolm, alisimama nyuma karibu na amplifaya, akasogea mbele kuitikia kibwagizo, akarudi palepale. Lakini bendi iliendeshwa na mkono wake wa kulia. Weka Back in Black, ya mwaka 1980. Mwanzo wake ni kodi tatu tu: E, D, A. Kodi hizo hata wewe unazijua. Usichokijua bado ni vile vimya vilivyo katikati. Havitokei vyenyewe, ni mkono unaozima nyuzi kwa wakati wake, kila mara, bila kuchoka. Malcolm alitumia nyuzi nene na distoshen, yaani ule mkwaruzo wa sauti, ndogo kuliko unavyodhani. Kwa hiyo fungua metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo), punguza distoshen hadi usikie aibu, kisha piga kodi hizo tatu mpaka vimya vyako vilingane. Distoshen nyingi huficha mkono mbovu, na wanaoanza wanaipenda kwa sababu hiyohiyo. (Prodyuza wa albamu ile, Mutt Lange, alizaliwa Mufulira, Zambia ya leo. Wachache wanalijua hilo.)

Kisha nenda Birmingham, kwa Black Sabbath. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa na miaka 17, akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga kwa kushoto, kwa hiyo huo ndio mkono wa kubana nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akatengeneza vifuniko vya vidole, akavigandisha ngozi juu yake. Akatafuta nyuzi nyembamba. Kufikia albamu ya tatu, mwaka 1971, akawa anatuni gitaa chini ili nyuzi zilegee, na Geezer Butler akashusha besi naye. Ule uzito ambao bendi za metali zimeuiga tangu hapo ulipata nguvu nyingi kutokana na mtu aliyekuwa akikwepa maumivu. Ukikariri nyimbo zake, usizikimbize. Sabbath ukiwapiga haraka wanakuwa wepesi, hawana maana.

Led Zeppelin nitakupa wimbo mmoja: When the Levee Breaks, wa 1971. Dramu za John Bonham ziliwekwa chini ya ngazi katika nyumba kongwe ya Headley Grange, Uingereza, maikrofoni mbili zikaning'inizwa juu ya ngazi hizo. Unachosikia ni Bonham pamoja na nyumba nzima. Mwaka 1986 kundi la hip hop la Beastie Boys waliukata mdundo huo wakafungulia nao albamu yao ya kwanza. Mtu wa hip hop akiniambia roki haimhusu, humwekea nyimbo hizo mbili moja baada ya nyingine nikanyamaza.

Lakini wimbo wenyewe si wa Zeppelin. Ulirekodiwa mwaka 1929 na Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, kuhusu mafuriko ya mto Mississippi ya 1927. Utafute uusikilize pia. Nusu ya roki ngumu imekopwa kwa wapiga bluzi weusi wa Marekani, na si mara zote waliokopa walitaja wenyewe. Mtunzi wa bluzi Willie Dixon aliwafungulia Zeppelin kesi mwaka 1985 kwa sababu ya Whole Lotta Love, wakamalizana nje ya mahakama, na leo jina lake limo. Nawapenda, ila kwa hilo walistahili kushtakiwa.

Ukishazoea masikio, rudi Afrika. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na bendi zilizowasikiliza hao Sabbath na Deep Purple zikatoka na mtindo wao, Zamrock. Anza na WITCH, halafu Ngozi Family ya Paul Ngozi. Gitaa linakwaruza vilevile, lakini Ngozi anaweza kukuimbia Kinyanja, na dramu zinatembea kwa namna ambayo mpigaji wa Birmingham asingeifikiria. Hapo jaribu kukariri rithim kabla ya kitu kingine chochote. Ni ngumu kuliko inavyosikika.