Unataka kuvuka bahari kwa yoti? Kwanza jifunze kulala

Juzi kijana mmoja wa Takaungu ameniandikia: "Kaka, baba yangu ni nahodha wa mashua, mimi mwenyewe nimekulia baharini, nataka kuvuka bahari na hawa Wazungu wa yoti kama unavyofanya wewe. Nianzie wapi?" Nimemjibu kwa ufupi, lakini najua swali hili liko Kilifi, liko Lamu, liko Nungwi. Ndiyo maana naliandika hapa kwa urefu, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia.

Safari iliyonifunza ni ile ya Cape Town hadi Grenada kule Karibi, tukipitia kisiwa cha Saint Helena. Yoti ya matanga ya futi 42, watu wanne: mwenye chombo ambaye ndiye nahodha, mke wake, kijana mmoja wa Ulaya mwenye vyeti vingi, na mimi. Cape Town hadi Saint Helena ni kama maili 1,700 za baharini. Yoti ya ukubwa ule ikipata upepo mzuri hukata maili 140 au 150 kwa siku, usiku na mchana bila kusimama. Piga hesabu mwenyewe uone ni siku ngapi bila kuona hata jani.

Watu wananiuliza habari za mawimbi na papa. Hakuna anayeniuliza habari za usingizi, na usingizi ndio safari yenyewe. Zamu zetu zilikuwa za saa tatu tatu. Mimi nilipewa saa sita usiku hadi saa tisa, kisha tena saa sita mchana hadi saa tisa alasiri. Kijana yule alipewa zamu ya magharibi, ya kutazama jua likizama. Sikusema kitu. Katika zamu huwezi kujifunika blanketi ukategemea usukani wa umeme. Kila dakika kumi unasimama, unazungusha macho upeo mzima, kwa sababu meli kubwa ikichomoza kule mbali inaweza kukufikia ndani ya dakika ishirini hivi au chini ya hapo. Unaangalia dira, unaangalia tanga, kila saa unaandika daftarini mahali mlipo, upepo na barometa. Dakika kumi kabla ya zamu kuisha unamwamsha mwenzako na kumwekea chai. Ukichelewa kuamka wewe, umemwibia mwingine usingizi wake, na kwenye chombo cha watu wanne wizi huo hausahauliki.

Kwa hiyo ukitoka zamu, lala. Usikae kupiga soga, usichezee simu. Upepo ukija tezini, yaani nyuma ya chombo, yoti huyumba kulia na kushoto usiku kucha, vikombe vinagongana kabatini, chupa inabingirika mahali usipopaona. Weka taulo katikati ya vikombe, funga kile kitambaa cha pembeni mwa kitanda kinachokuzuia usianguke, ulale. Siku tatu za mwanzo hutaweza. Siku ya nne mwili wenyewe utakubali.

Tena jiandae kwa baridi, ndugu zangu wa Pwani! Ule mkondo wa Benguela unatoka kusini na maji yake ni ya baridi kweli. Nilivaa sweta mbili, soksi za sufu na kofia ya kufunika masikio, na bado zamu ya usiku meno yaligongana. Joto lilirudi polepole tulipoingia kwenye upepo wa kusini-mashariki unaovuma kule karibu mwaka mzima, kama kusi yetu isiyokoma.

Jikoni nilipewa mimi, na nilipafanya pazuri. Jiko la gesi linaning'inia kwenye vyuma viwili ili libaki wima chombo kikilala upande. Sufuria ni ya presha, kifuniko chake kinafungwa hata kama unachemsha maji tu. Chai huimimini kikombe kikiwa mkononi. Unakiweka kikombe ndani ya sinki, unajikaza kiuno kwenye ukanda, ndipo unamimina, tena nusu. Mayai hayakai kwenye friji, yanageuzwa kila baada ya siku mbili tatu. Kabichi ndiyo mboga itakayokufikisha. Vitunguu na viazi visikae pamoja, viazi vitachipua. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari, na sabuni iwe ya maji, kwa maana ya kipande haitoi povu kwenye chumvi. Maji yasiyo na chumvi ni ya kunywa na kupikia. Siku niliyonasa samaki fulusi nikampaka kwa tui la kopo, na chapati pembeni, mke wa nahodha alinyamaza mpaka akamaliza sahani.

Swala nilisali kwa kukaa, na kwa kukusuru, yaani kufupisha rakaa, maana ni safari. Tukielekea kaskazini-magharibi, kibla kilikuwa ubavu wa kulia wa chombo.

Saint Helena palinigusa kuliko nilivyotegemea. Wenzangu walikwenda kuona alikokaa uhamishoni Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliyefia kisiwani humo mwaka 1821. Mimi nilimuwaza Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha Zanzibar mwaka 1896 mpaka mizinga ya Waingereza ikamtoa. Walimkamata Dar es Salaam mwaka 1916, wakampeleka kisiwa kile kile na kisha Shelisheli, kabla ya kuruhusiwa kurudi Afrika Mashariki akafariki Mombasa. Niliwaeleza mezani. Hakuna aliyewahi kumsikia.

Siku za kutoka hapo hadi Grenada sitazisimulia zote, zinafanana. Ila hii moja lazima niiseme. Kila asubuhi nilikuwa na desturi ya kuzunguka sitaha nzima, kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, nikishika kila kamba kuona kama inasagika. Asubuhi hiyo nikaokota, kati ya panzi wa bahari, wale samaki warukao, waliorukia usiku, kipini cha chuma kidogo kuliko kidole, chini ya mlingoti. Nikatazama juu. Chuma kinachoshika mti wa tanga kubwa kwenye mlingoti kilikuwa kimetoka nusu. Tukatua tanga, kikarudishwa, tukaendelea. Kingechomoka usiku, mti ule ungemuua mtu.

Tulipotia nanga Grenada, nahodha akatuandikia barua za sifa. Ya mwenzangu ukurasa mzima. Yangu mistari miwili: mpishi mzuri, mtu mchangamfu. Kipini hakimo. Zamu za usiku hazimo. Nilisoma mara mbili nikadhani nimepewa ya mtu mwingine, na mpaka leo nikiikuta sandukuni huwa naigeuza uso chini.

Basi sikilizeni, vijana. Msiishie kuwa wapishi wachangamfu kwenye karatasi za watu. Nunua daftari lako la maili. Andika tarehe, bandari, maili, zamu ulizoshika na ulichofanya, na sahihi ya nahodha uichukue siku ile ile mnapotia nanga, kabla mizigo haijashuka. Sisi tunafundishwa kunyamaza na kufanya kazi, tukidhani kazi itajisemea. Haijisemei. Fanya kazi, na uandike. Lala ukipewa nafasi ya kulala, amka kabla hujaitwa, jifunge mkanda wa usalama kila usiku, usiende omo gizani bila kumwamsha mwenzako, na uandike. Daftari langu ndilo lililonipa nafasi ya naibu wa nahodha msimu huu.

Na wewe kijana wa Takaungu, uliuliza pia kuhusu vyeti na nauli. Somea mafunzo ya msingi ya usalama baharini. Mombasa yapo Bandari Maritime Academy, Dar es Salaam yapo DMI (Dar es Salaam Maritime Institute). Chanja homa ya manjano na ubebe kadi yako. Wakenya tunaingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara fupi tangu Januari 2023, lakini unakofikia ndiko kwenye shida: ukishuka kwenye chombo huna tiketi ya kurudi, na uhamiaji humtazama nahodha. Kubalianeni kwa maandishi kabla ya kupanda nani atalipa ndege ya kurudi na nani atalipa chakula. Yoti nyingi huondoka Cape Town kati ya Desemba na Machi, kwa hiyo anza kuwaandikia manahodha mapema, Septemba usiwe bado unajiuliza.