Ziwa Nakuru: majibu ya maswali yenu

Hifadhi hii ilianza lini?
Ilianza kwa ajili ya ndege. Ziwa lilitengwa kuwa hifadhi ya ndege mwaka 1960, likawa hifadhi ya kitaifa mwaka 1968. Mwaka 1990 likawa eneo la kwanza la Kenya katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, na 2011 likaingia Urithi wa Dunia pamoja na Elementaita na Bogoria.

Kwa nini uzio wa umeme?
Kwa ajili ya vifaru, walioanza kukusanywa humo miaka ya 1980. Uzio unadai kazi: nyasi zikigusa waya, umeme huvuja ardhini na nguvu hushuka, kwa hiyo lazima kufyeka kila mara. Tena wanyama hawawezi kuhama. Maji yakimeza malisho, nyati na swala hubanana penye nyasi zilizobaki.

Perege walifikaje kwenye maji ya magadi?
Waliletwa kutoka Ziwa Magadi kuanzia miaka ya 1950, ili wawe wakila viluwiluwi vya mbu. Ndege aina ya mwari wakafuata samaki.

Heroe (flamingo) wamekwenda wapi?
Wengi wamehamia Bogoria na maziwa mengine. Heroe mdogo huchuja spirulina, kiumbe kidogo mno cha majini kinachostawi magadi yakikolea. Tangu mwaka 2010 hivi maji yamepanda mno, hata lango kuu la zamani likazama. Maji yakizidi, magadi huzimuka na chakula hicho hupungua. Magadi yakikolea tena, heroe hurudi. Si ndege wa kukaa mahali pamoja.

Sisi wakazi tufanye nini?
Hapa ndipo tunaposisitiza, maana uzio huzuia majangili, hauzuii maji machafu. Ziwa halina mto wa kutokea, kinachoingia hubaki. Mvua za kwanza ndizo mbaya zaidi: husomba plastiki, oili ya gereji na uchafu wa miezi ya kiangazi. Zoeni taka mitaroni kabla ya mvua, na penye wavu ondoeni uchafu baada ya kila mvua kubwa, la sivyo mtaro utafurika barabarani.

Mabwawa ya maji taka hupunguza vijidudu kwa jua na muda. Tope likijaa chini, kina hupungua na maji hupita kabla hayajasafika, kwa hiyo lichimbuliwe. Lakini mabwawa hayaharibu metali kama risasi na kromiamu; hizo zizuiwe kiwandani zinakotoka. Na huko juu, mashamba ya kando ya Mto Njoro yaachiwe ukanda wa miti na nyasi, ili udongo usiishie ziwani.