Roboti yetu, mkono wa watu

MUULIZE ANKO

Swali: Anko shikamoo. Mimi nipo kidato cha tatu hapa Dodoma, shule naomba nisiitaje. Jumamosi tulikuwa na bonanza la roboti, halikuwa la wizara wala nini, walimu tu wa shule kadhaa walichanga hela ya ukumbi na maji. Mechi ni timu mbili zinaungana dhidi ya mbili, roboti zinaokota vizibo vya soda zinatia kwenye beseni. Sisi mkono wetu tulitengeneza kwa spoku za baiskeli na mfuniko wa ndoo ya rangi, unadondosha dondosha ila unafanya kazi. Kufika nusu fainali wenzetu tuliounganishwa nao, shule moja kubwa, wakaja na mkono wao wa akiba umeshakamilika wakasema toeni huo fungeni huu, na rimoti atashika mtu wa kwetu. Ticha wetu akasema kubalini tu. Tukachukua kombe. Cheti ninacho ndani lakini nikikiangalia sijisikii kitu. Hii ni haki au mimi ndo nina wivu?

Anko: Marahaba mwanangu. Wivu utautoa wapi na kombe mmebeba wote? Mmeonewa kidogo, ngoja nikwambie wapi.

Tuanze na mkono. Kusaidiana kwenye bonanza ni kawaida, betri yako imekufa jirani anakuazima ya kwake, spoku imepinda mtu anakuja na koleo mnanyoosha pamoja, hapo hakuna wa kulalamika. Ila mtu kuja na mkono mzima kaumaliza kwao, nyie mnabaki kushika bisibisi, hapo roboti ni yenu kwa stika tu. Na msidhani haya ni ya huku peke yake. Kwenye FRC, yale mashindano ya roboti ya Marekani yaliyoanza 1992 ambayo timu 3 zinaungana dhidi ya 3, hii tabia ilikolea msimu wa 2015 na wenyewe wakawa wanaiita keki ya jibini (usiniulize keki inaingiaje), wapo waliosema ni ukarimu maana timu ndogo inapata kucheza fainali, wengine wakasema hapana, mmemgeuza mwenzenu toroli la kubebea mtambo wenu. Siku hizi kitabu chao cha kanuni kinataka roboti na mitambo yake mikubwa iwe imetengenezwa na timu yenyewe. Vitu vidogo vidogo kusaidiana ruksa.

Sasa rimoti, hapa ndo mimi napandwa na hasira kabisa. Kwenye ndondo za mtaani tunamwita nani yule, mchezaji wa timu nyingine anayevalishwa jezi yenu mechi moja? Mamluki. Yaani mkono mnaweza mkabishana mpaka jioni, lakini mtoto katoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na vumbi lote hili la Dodoma, kakaa na laptopu wiki tatu, halafu mechi ya maana anaiangalia akiwa kwenye benchi!

Ile shule kubwa nao nisiwaseme vibaya sana. Matokeo yao yanategemea roboti yenu, wana haki ya kuja kuwaambia jamani mkono wenu unadondosha, kaeni upande wa kushoto mzuie wapinzani, vizibo tuachieni sisi. Huo ni mpango wa mechi na kuzuia nako ni kucheza, muulize beki yeyote. Na nyie mngeweza kuwajibu sawa, mkono tunafunga wa kwenu, rimoti tunashika wenyewe. Nadhani wangekubali, muda ulikuwa unawabana na wao.

Ila mimi ninachokiangalia zaidi ni kukataa. Kule FRC nahodha, yaani timu iliyo juu kwenye msimamo inayochagua wenzake, akikuita muungane una ruhusa ya kusema hapana, lakini ukishasema hapana nahodha mwingine haruhusiwi kukuita, labda na wewe msimamo ukufikishe kwenye unahodha. Kanuni kali, lakini mtu anaijua toka asubuhi anapiga hesabu zake. Nyie mngekataa ingekuwaje, mngetolewa? Mngeingia na mkono wenu hivyo hivyo? Nahisi hata ticha wenu alikuwa hajui, na mtu mzima akiwa hajui mara nyingi anasema kubalini yaishe. Bonanza halina rufaa, refa ndo huyo huyo aliyeleta sukari ya chai. Kwa hiyo lijalo kabla ya mechi ya kwanza mwombeni ticha aandike ubaoni kwa chaki nani anaruhusiwa kugusa roboti ya mwenzake, nani anashika rimoti, na timu ikikataa ombi la mshirika wake inakuwaje. Dakika tano.

Halafu huo mkono wa spoku msiutupe. Kama sevo yake, ile mota ndogo inayousogeza, inachukua umeme kwenye Arduino yenyewe, yaani kile kibao kinachoiongoza roboti, ndo maana inalegea, ipeni betri yake, negative ziunganishwe pamoja.

Swali: Mimi ni mwalimu, wilaya ya Chamwino. Roboti zetu zinafuata mstari mweusi. Asubuhi zilienda vizuri, saa tisa jua likaingia dirishani zikawa zinazunguka kama zimelewa. Wenyeji timu yao ilipofika wakasogeza meza kivulini. Hizo si pointi za mezani?

Anko: Za mezani kabisa, tena meza yenyewe inaonekana! Mwalimu, zile sensa, yaani vijicho vya roboti, zinasoma mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, unaorudi kutoka chini na jua limejaa infraredi, kwa hiyo vijana wako wala hawakukosea programu. Kusogeza meza si kosa, kosa ni kusogeza kwa ajili ya mmoja. Ikisogezwa, wote waliokimbia juani warudie, na kila timu ipewe dakika mbili za kupima upya sensa pale pale. Na safari ijayo nenda na khanga mbili na misumari midogo, dirisha la upande wa magharibi lizibwe kabla hata ya kupanga viti.