Panya wakishashuka kisiwani

SWALI: Mhariri, kikundi chetu kina fedha kidogo za kusaidia taifa dogo la visiwa ambako panya wanakula mayai ya ndege. Tununue sumu?

JIBU: Ndugu msomaji, msianze na sumu. Ulizeni kwanza panya wanaingiaje. Kama gatini hakuna mkaguzi wala mitego, mtaua hawa na wengine watashuka na shehena ijayo. Mimi ningelipa kwanza mishahara ya wakaguzi wenyeji, kwa miaka, si miezi.

Kuwamaliza kunawezekana. Kisiwani Frégate, Ushelisheli, panya walienea miaka ya 1990. Mwaka 2000 helikopta zilimwaga chambo chenye sumu kisiwa kizima, kwa sababu akibaki jike mmoja mwenye mimba, kazi yote imepotea. Ndege adimu walikamatwa kwanza na kutunzwa vizimbani wasidhurike. Gharama hiyo iwekeni kwenye bajeti mapema, nawasihi. Na hatari ya kutokagua mizigo si panya tu: Guam, kisiwa cha Marekani katika Bahari ya Pasifiki, nyoka aliyeingia na mizigo baada ya Vita vya Pili vya Dunia ameangamiza karibu ndege wote wa asili wa msituni.

Na wenyeji waulizwe kabla helikopta haijaagizwa. Kaa wa nchi kavu hula chambo hicho, na watu hula kaa.