Barua kwa Mwanangu: Mahakama ya Balozi katika Nchi ya Sultani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, na nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza ilikuwaje balozi wa Uingereza akawa na mahakama yake mjini Unguja wakati nchi ilikuwa ya Sultani, yenye bendera yake na makadhi wake. Na je, Sultani aliridhia au alinyang'anywa? Umenieleza pia kwamba katika insha yako umekwisha kuandika kuwa alinyang'anywa. Mimi nimekuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, na majalada ya zamani nimeyafunua kwa mikono yangu, kwa hiyo naomba unisikilize kabla hujaikabidhi insha hiyo.

Sultani aliridhia. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said bin Sultan na Uingereza ulifungwa tarehe 31 Mei 1839, na ndani yake mna kifungu kinachohusu kesi. Wala Waingereza hawakuwa wa kwanza, kwa kuwa Wamarekani walikuwa na mkataba wao tangu 1833, na Wafaransa wakapata wao mwaka 1844. Kanuni yenyewe ilikuwa kwamba mdai humfuata mdaiwa. Raia wa Sultani akiwa na dai dhidi ya raia wa Uingereza, kesi huamuliwa na balozi. Raia wa Uingereza akiwa na dai dhidi ya raia wa Sultani, kesi huamuliwa na Sultani au mtu aliyemteua, lakini balozi au mwakilishi wake awepo barazani.

Ili uone jinsi kanuni hiyo ilivyofanya kazi, chukua mkopo wa karafuu. Mwenye shamba la mikarafuu anakopa kwa mfanyabiashara wa Kihindi, na kwa kuwa riba ni haramu wanaandikiana bei ya khiyari, yaani shamba linauzwa kwa hati, na muuzaji anabaki na hiari ya kulikomboa akirejesha fedha. Asipolipa, mkopeshaji anakwenda na hati yake kwa kadhi, na kadhi anahukumu kwa sharia. Lakini akiwa amelipa na mkopeshaji amekataa kuirudisha hati, basi ni yeye mwenye shamba atakayekwenda Shangani, kwenye nyumba ya ubalozi iliyotazama bahari, akamweleze Mwingereza habari ya shamba la babu yake. Ardhi ni ile ile na karatasi ni ile ile, lakini anayeanza kulalamika ndiye anayebadilisha mahakama na hakimu.

Hapa ndipo ninapotaka utulie, maana ndipo penye jibu lako. Mamlaka ya balozi hayakuwa juu ya mahali, yalikuwa juu ya watu. Hapakuwa na mtaa wala kiwanja ambamo Sultani alikatazwa kuhukumu. Palikuwa na watu ambao hakuweza kuwahukumu, nao walitembea mji mzima. Kwa hiyo swali zito kuliko yote lilikuwa: raia wa Uingereza ni nani? Mkataba ulipofungwa mtu angeweza kudhani kwamba wanaokusudiwa ni mabaharia na wafanyabiashara wachache wa Kizungu. Lakini India ilikuwa chini ya Waingereza, na Wahindi ndio walioshika biashara ya Unguja, kuanzia mikopo ya mashamba hadi ukusanyaji wa ushuru wa forodha. Wengi wao walitoka Kutch, nchi yenye mtawala wake mwenyewe aliyekuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Je, hao walikuwa watu wa balozi au watu wa Sultani?

Mwaka 1860 balozi Christopher Rigby alijibu kwa vitendo. Aliwahesabu Wahindi wote kuwa chini yake, na kwa kuwa sheria ya Uingereza ilikataza raia wake kumiliki mtumwa, aliwaamuru wawaache huru watumwa wao. Maelfu waliachwa huru na kupewa hati za uhuru. Sikubaliani na wanaolipitia jambo hili kana kwamba ni hila ya kibeberu tu. Mtu aliyetoka ubalozini na hati ile mkononi alitoka na nafsi yake. Lakini litazame kwa karibu zaidi. Katika uchochoro mmoja wa mji, mtumwa wa nyumba ya Mhindi aliachwa huru, na mtumwa wa nyumba ya Mwarabu mkabala wake akabaki mtumwa, kwa sababu kilichoangaliwa ni jina la bwana wake limeandikwa wapi. Ikafika hadi baadhi ya watu wa Kutch wakaona ni afadhali wajiite raia wa Sultani ili watumwa wao wasiguswe, na mabalozi waliomfuata Rigby wakavutana juu ya suala hilo kwa miaka. Mwaka 1869 mtawala wa Kutch alitoa tangazo la kuwaweka watu wake waliokuwa Unguja chini ya balozi wa Uingereza, na mkataba wa 1873 aliousaini Sultani Barghash ukawakataza Wahindi hao kumiliki watumwa.

Wakati huo mahakama ilikwisha kupata umbo. Amri ya Malkia ya mwaka 1866 ilimpa balozi mamlaka rasmi ya kusikiliza kesi, na rufaa zilikwenda Mahakama Kuu ya Bombay. Sheria iliyotumika ilikuwa ile ya India, kana kwamba Unguja ni wilaya mojawapo ya jimbo la Bombay. Fikiria maana yake kwa mtu wa kawaida: meli za posta zilikuwa hazijaanza kuja, na chombo cha tanga hupanda India na kusi na kurudi na kaskazi, kwa hiyo aliyekata rufaa alikuwa akiungoja upepo kabla ya kuwangoja majaji. Wewe unayesoma sheria ya mikataba huko Dar es Salaam, ukiona vifungu vyake vimefanana na sheria ya India ya 1872, ujue kwamba sheria za India zilikwisha kufanya kazi pwani hii kabla Waingereza hawajaishika Tanganyika.

Baada ya 1890, Unguja ilipowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, ungetarajia mahakama ya balozi ifungwe, kwa kuwa mlinzi hahitaji tena kujilinda dhidi ya anayemlinda. Haikufungwa, bali ilikua. Mwaka 1897 ilifanywa mahakama kamili ya Malkia, na mataifa mengine yakaacha moja baada ya jingine haki zao za kuwahukumu raia wao. Wamarekani walikubali hivyo mwaka 1905. Mahakama za Sultani nazo ziliendelea, lakini majaji wa mahakama ya Uingereza wakafanywa majaji wa mahakama ya Sultani pia. Jaji yule yule, kwenye meza ile ile, aliandika hukumu moja kwa jina la Mfalme wa Uingereza na nyingine kwa jina la Sultani, kutegemea nani alikuwa mbele yake.

Katika masomo yako utakutana pia na kesi ya Wamaasai ya mwaka 1913 dhidi ya serikali ya Kiingereza ya nchi iitwayo leo Kenya, Wamaasai waliolalamikia kuhamishwa kutoka Laikipia. Isome sambamba na haya. Huko majaji walisema kwamba nchi ya ulinzi ni nchi ya kigeni na Wamaasai si raia wa Uingereza, kwa hiyo makubaliano yao na serikali ni mambo ya dola kwa dola, ambayo mahakama haiwezi kuyagusa. Neno "kigeni" lililomfungulia balozi mlango Unguja ndilo lililowafungia Wamaasai mlango wa mahakama.

Basi ile sentensi yako, "Sultani alinyang'anywa mahakama", ningeiandika upya. Alitoa kwa hiari haki ya kuwahukumu watu wachache, kisha orodha ya watu hao ikarefushwa na wengine hadi ikameza biashara yote ya nchi yake. Ukipata nafasi wakati wa likizo, njoo twende Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Usianze na hukumu. Tuombe kwanza kumbukumbu za uandikishaji wa raia, tutazame ni nani alijiandikisha na mwaka gani.

Mama yako anakusalimu sana, na ameniagiza nikuulize kama zile halua zilifika.

Ni mimi baba yako.