Kabla ya kununua darubini ya bunduki, tafuta pete zake

Wawindaji wengi wanaoniomba ushauri hapa Mwanza huwa wameshainunua darubini. Fedha karibu yote imeishia kwenye kioo, na sasa wanatafuta pete za kuishikia kwa chenji iliyobaki. Mimi nashauri kinyume chake. Kama mfuko haujatuna, punguza kwenye kioo, usipunguze kwenye pete. Darubini ya bei ya wastani iliyoshikwa sawasawa utaizoea na kuiamini, lakini ya bei mbaya inayocheza haina msaada wowote porini.

Piga hesabu mwenyewe. Pete mbili zikiwa zimeachana sentimita 10, na ile ya nyuma ikasogea pembeni sehemu moja ya kumi ya milimita, risasi yako itahama sentimita 10 kwenye mita 100. Kwenye mita 200 ni sentimita 20. Hapo ulilenga moyo ukapiga tumbo, na mnyama ameondoka na jeraha. Kwangu hilo ni jambo zito, kwa sababu aliyejeruhi ana wajibu wa kufuata damu mpaka ampate.

Anza na mgongo wa bunduki, yaani pale pete zitakapokaa. Kama una reli ya Picatinny, yaani kipande cha chuma chenye mifereji ya kukatisha ambamo pete hujifunga, mifereji yake ina upana wa milimita 5.23. Ya reli ya aina nyingine, Weaver, ni myembamba zaidi, kwa hiyo pete za Weaver kwa kawaida hukaa kwenye Picatinny, ila za Picatinny mara nyingi hazikai kwenye Weaver. Bunduki ya CZ 550 imechongwa mgongo wake wenyewe wa milimita 19 na inataka pete zake. Mauser za zamani nyingi hazina tundu hata moja la skrubu. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni, si ya fundi wa mageti.

Kisha pima bomba la darubini: milimita 25.4, 30 au 34. Namba hizi hazibembelezwi. Bwana mmoja wa Nyakato aliniletea bomba la 25.4 ndani ya pete za 30, pengo amelijaza vipande vya tyubu ya baiskeli. Mpira hubonyea kila bunduki inapopiga teke, na shabaha huhama nao. Nilimsihi anunue pete nyingine, akanunua.

Kwenye kimo ndipo watu hubahatisha sana. Kioo cha mbele kisiguse mtutu, na mkono wa bolti, ule unaouvuta kuingiza risasi, unyanyuke bila kugonga kioo cha nyuma. Ukishapata hayo, chagua pete fupi kadiri inavyowezekana. Jaribu hivi: hakikisha bunduki haina risasi, fumba macho, laza shavu kwenye kitako unavyojisikia, kisha fumbua. Unapaswa kuona duara zima bila kunyanyua shingo. Acha pia kama sentimita 9 kati ya jicho na kioo. Teke la bunduki kubwa ya risasi za .375 H&H halina huruma, na paji la uso litachanika.

Kwa bunduki hiyo mimi napenda pete za chuma zenye wenzo wa kufungulia haraka, ili nyati akiwa karibu kwenye kichaka darubini itoke na ulenge kwa alama za mtutu. Kwa bunduki ndogo alumini nzuri inatosha. Hewa ya ziwani huleta kutu, kwa hiyo chuma kipake mafuta kidogo kwa nje.

Kwenye nyuzi za skrubu, ondoa mafuta yote kwa spiriti kabla ya kufunga. Kaza kidogo kidogo kwa kuruka upande, kama nati za tairi, huku ukiangalia mapengo ya kulia na kushoto yabaki sawa. Skrubu za juu ya pete nyingi zinataka kama nyutoni mita 2 tu. Azima bisibisi yenye kipimo, maana mkono wa mtu mwenye nguvu huminya bomba na kuharibu mitambo ya ndani.

Mwisho chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Ukishatoka Lamadi na kumaliza barabara ya vumbi hadi Pori la Akiba la Maswa, tazama mistari hiyo kabla hujashusha mizigo. Ikiwa hata mmoja umekatika, kaza upya na upige shabaha ya karatasi kwanza, mahali unaporuhusiwa, hata kama wenzako wana haraka ya kuingia porini.